Etiketi ya Haydn, jasho ya Padiri Hofstetter

Kwenye carrière ya cassitérite kila mtu anajua kazi ya etiketi. Mfuko unajazwa, unapimwa, agent anafunga ile kipande ya plastiki yenye namba, anaandika kwenye cahier: shimo gani, siku gani, kilo ngapi. Ukifika kwa négociant, unafungwa etiketi ingine. Hapa kwetu Kivu ya Kusini mambo hiyo ilianza kweli kweli Nyabibwe, kwenye mashimo ya Kalimbi, mwezi wa kumi 2012. Toka pale tumeona faida yake na tumeona pia hila zake. Wataalamu wa UNO waliandika zaidi ya mara moja kwamba kuna etiketi zinazouzishwa kando, na mawe ya mlima moja yanasafiri na jina la mlima mwingine. Kiisha kufungwa, nani atajua? Huko yanakokwenda wanasoma namba tu.

Leo tunataka kuwasimulia etiketi ya namna ile ile, lakini iliyofungwa kwenye muziki. Ilifungwa Paris mwaka 1777, na ikakaa miaka 187 mbele ya mtu kuigeuza na kuangalia nyuma yake kuna nini.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Wafaransa wanasema quatuor, sisi tutaandika kwatuori. Ni muziki ulioandikwa kwa vyombo vine vya nyuzi, mtu moja kwa kila chombo: violoni mbili, alto moja (ni violoni yenye ilikomaa kidogo, sauti yake iko nzito), na violonsele, ile kubwa inayoshikwa katikati ya magoti. Hakuna ngoma, hakuna mwimbaji, hakuna mkubwa wa kupunga kijiti mbele. Mtu aliyelelewa na rumba hawezi kupotea hapo: violoni ya kwanza ni guitare solo, ya pili ni mi-solo, alto inafanya kazi ya rythmique, violonsele ni basse. Basse ikilala, mnasikia mara moja. Solo ikitaka kujionyesha sana, wengine wanakosa fasi. Kwatuori iko hivyo hivyo, tofauti ni kwamba kila noti imeandikwa kwenye karatasi. Na ni ndani ya karatasi ndimo hila iliingilia.

Mtu mwenye jina linalobishaniwa ni Joseph Haydn. Alizaliwa 1732 kule Rohrau, kijiji cha Autriche karibu na mpaka wa Hungaria. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni, mama yake alikuwa amepikia familia ya mkubwa wa pale. Baba alikuwa anapiga kinubi jioni bila kujua kusoma noti hata moja. Mtoto alipofika karibu miaka sita, ndugu wa familia alimchukua kwenda kumsomesha. Akiwa na nane alipelekwa Vienne kuimba kwenye kathedrali ya Saint-Étienne. Kiisha sauti ikavunjika, sawa vile inavunjika kwa kijana yeyote, na wakamwondoa. Hapana pesa, hapana nyumba. Alikaa kwenye chumba chini ya paa, akafundisha watoto wa watu, akapiga muziki usiku kwenye barabara pamoja na vijana wengine. Kuna mwalimu wa Italia, Porpora, ambaye Haydn alimfanyia kazi ya boyi ili tu apate kujifunza kwake. Vijana wetu wanaobeba maji na mchanga kwenye shimo la mtu mwingine kwa kungojea siku yao watamuelewa haraka kuliko sisi wa ofisi.

Karibu mwaka 1757, tajiri moja, von Fürnberg, alianza kumwalika kwenye nyumba yake kubwa kule Weinzierl, upande wa magharibi wa Vienne. Siku zile pale nyumbani kulikuwa padiri wa parokia, gérant wa mashamba, kijana moja Albrechtsberger aliyejua violonsele, na Haydn mwenyewe. Watu wanne wenye kujua kupiga nyuzi. Fürnberg akamuomba Haydn aandike kitu ambacho wale wanne wanaweza kupiga pamoja. Haydn akaandika, tajiri akafurahi, akaomba ingine.

Wataalamu wanabishana kama ile ndiyo kwatuori ya kwanza duniani. Wengine walishajaribu, sawa Franz Xaver Richter kule Ujerumani. Sisi tunapenda hadithi ya Weinzierl kwa sababu ingine: kitu ambacho leo kinafundishwa kwenye conservatoire kubwa kubwa kilitokana na hesabu ya watu waliokuwa nyumbani siku ile. Padiri na gérant hawakuwa wapigaji wa kazi. Walikuwa watu wa kijiji wenye kumaliza kazi yao na kukaa kupiga.

Ile tunayoita leo opus 1 numéro 1 iko na vipande vitano: cha haraka, cha kucheza polepole kwa adabu, cha taratibu katikati, tena cha kucheza, tena cha haraka. Inaanza wote wanne pamoja, noti moja kwa wote, inapanda sawa tarumbeta ya wawindaji. Njo maana Wafaransa waliiita La chasse. Kiisha kupanda, wanaachana, kila mtu anajibu mwenzake. Hakuna fumbo. Mtu anaielewa mara ya kwanza.

Haydn aliandika kwatuori kumi hivi katika ile miaka ya ujana. Hapakuwa droit d'auteur. Mtu mwenye kupata karatasi alinakili, akauzisha nakala, mnunuzi akanakili tena. Mwaka 1764 mchapishaji La Chevardière alizitoa Paris, na jina la Haydn likaandikwa vibaya: Hayden. Kule kunakili kulileta fujo hata kwenye kazi yake ya kweli. Kati ya zile kumi na mbili zilizochapishwa kama opus 1 na opus 2, moja ilikuwa sinfonia iliyopunguzwa vyombo, na mbili zilikuwa za watu sita ambazo tarumbeta zao zilitolewa ili zikuwe kwatuori. Mfuko wa kilo hamsini, kumbe ndani wameongeza mchanga.

Mwaka 1764 Haydn hakuwa tena mtu huru. Tarehe 1 Mei 1761 alikuwa ametia sahihi kontra na nyumba ya Esterházy, matajiri wakubwa wa Hungaria. Tumeisoma ile kontra kwa makini, na tunashauri kila mtu mwenye kutia sahihi kwenye karatasi ya PDG aisikilize. Mshahara florins 400 kwa mwaka. Soksi nyeupe, shati nyeupe, poda kwenye kichwa. Kila asubuhi na kila mchana anasimama kwenye chumba cha kungojea ili aulize kama leo bwana anataka muziki. Na ile article ya 4: anaandika muziki wowote ambao bwana anaagiza, haruhusiwi kuuonyesha mtu mwingine, haruhusiwi kuacha unakiliwe, haruhusiwi kumwandikia mtu mwingine bila ruhusa. Kwa maneno mengine, kila kitu alichochimba kwenye kichwa chake kilikuwa cha mwenye shimo.

Tusiseme uongo: bwana yule alilipa. Haydn alikula, alivaa, alikuwa na wapigaji wazuri chini yake, akajaribu kila kitu alichotaka kujaribu. Wachimbaji wengi wangetamani patron wa namna hiyo. Lakini kwa miaka karibu kumi na minane Ulaya nzima ilikuwa inatafuta muziki wake, nakala zinapita chini chini, wachapishaji wa Paris na Amsterdam wanapata, na yeye hapana kitu juu ya mshahara.

Wapigaji wake pia walikuwa na shida ambayo familia za hapa hazihitaji kuelezewa. Bwana Nikolaus Esterházy alijenga jumba mbali, katikati ya majimaji, akalipenda, akakaa huko miezi na miezi. Wapigaji wengi hawakuruhusiwa kuja na bibi zao. Mwaka 1772 kukaa kukazidi, wanaume wakachoka, wakamwendea Haydn wamuombee. Hakupeleka barua. Aliandika sinfonia ambayo mwisho wake wapigaji wanaacha moja moja: mtu anamaliza sehemu yake, anazima mshumaa, anachukua chombo, anatoka. Mwishoni zinabaki violoni mbili tu, Haydn na Luigi Tomasini. Wanasema bwana alielewa, na kesho yake watu wakafunga mizigo kurudi nyumbani. Mama ambaye mume wake iko Misisi ao Shabunda toka Noeli anajua ule mshumaa unamaanisha nini.

Na hatuhitaji kwenda Hungaria kutafuta muziki unaosema na patron. Wakati wa Wabeleji, 1951 na 1952, Mmarekani moja, Alan Merriam, alipita huku kusikiliza na kurekodi muziki. Kwa Bashi alikaa, akaandika hata juu ya lulanga, kile chombo cha ubao wenye kuchimbwa sawa sahani ndefu, chenye uzi kupita kwenda na kurudi juu yake. Kwenye kitabu chake cha 1964 anasimulia wasichana wa Kishi waliokuwa wanafanya kazi kwenye plantation ya mzungu. Walikuwa wanapewa mafuta na chumvi juu ya mshahara, kiisha vikakatwa. Wasichana wale hawakuenda kulalamika kwenye ofisi. Waliimba, patron akiwa pale, na ndani ya nyimbo walitia mafuta, chumvi, na kwamba wanaweza kuhamia kwa mwingine. Ni kazi ile ile ya mshumaa wa Haydn, na haikufundishwa na mtu wa Ulaya. Lakini hapa pia angalieni etiketi: duniani nyimbo ile inajulikana kwa jina la Merriam, ndani ya kitabu cha Merriam.

Sasa turudi Paris, 1777. Mchapishaji moja, Bailleux, anatoa kwatuori sita mpya, na juu ameandika jina la Haydn. Watu wananunua. Ndani ya ile ya tano, ya fa majeure, kuna kipande cha taratibu ambacho kilikuja kupendwa kuliko vingine vyote: violoni ya kwanza inaimba na sauti ya kufunikwa, wengine watatu wanaweka fimbo chini na kuvuta nyuzi kwa kidole, tik, tik, tik, sawa mtu mwenye kupiga gitaa chini ya dirisha la mchumba. Kinaitwa Sérénade. Mumeshaisikia, hata kama hamkujua jina: kwenye ndoa wakati wageni wanakula, kwenye saa ya muziki, kwenye simu ya ofisi wakati wanakuambia ngoja.

Haydn hakusema neno. Muziki ulipita na jina lake mingi sana, wa kweli na wa uongo, hata yeye mwenyewe hakuweza kuufuata wote.

Tarehe 1 Januari 1779 alitia sahihi kontra mpya, na ile article ya kumkataza kuuzisha haikuwamo. Mstari moja uliotoka kwenye karatasi. Mwaka uliofuata alikuwa anauzisha kwa Artaria, mchapishaji wa Vienne. Mwaka 1781 akamaliza kwatuori sita, zile za opus 33, na mwezi wa kumi na mbili akaandikia wakubwa barua moja moja kuwaambia ziko za namna mpya kabisa, walipe, watapata nakala ya mkono mbele ya watu wote. Artaria akatangaza kwenye gazeti kwamba atazitoa, mapema kuliko Haydn alivyotaka, wakati wale wakubwa hawajapata zao. Haydn alikasirika, akamwandikia barua kali. Mtu aliyeahidi dhahabu kwa négociant wawili anajua ule usiku haulaliki.

Hatutaki kumfanya mtakatifu. Kiisha kupata uhuru, Haydn alijifunza soko haraka, hata upande wake mbaya. Kati ya miaka ya 1780 alimtumia Forster, mchapishaji wa London, trio tatu za piano kama zake. Mbili hazikuwa zake. Zilikuwa za Ignaz Pleyel, kijana aliyekuwa mwanafunzi wake. Mchimbaji aliyeibiwa miaka kumi na minane akatia mawe ya jirani ndani ya mfuko wake. Ile kesi ilifika mpaka mbele ya sheria kule London, wachapishaji wakibishana.

Na Pleyel? Alikuja kuwa mchapishaji Paris, na kwenye 1801 hivi alitoa mkusanyo wa kwatuori zote za Haydn, mwalimu wake. Alikusanya za kweli, na akatia ndani zile sita za Bailleux. Kutoka pale zikaitwa opus 3. Mzee Haydn, karibu miaka sabini, mgonjwa, hakuzikataa. Mwaka 1805 katibu wake alipoandika orodha ya kazi zake zote, alifuata kitabu cha Pleyel, na opus 3 ikaingia. Sasa etiketi ilikuwa na stempu tatu: ya mchapishaji, ya mwanafunzi, na ya nyumba ya mwenyewe. Nani angeuliza tena?

Waliuliza mwaka 1964. Watu wawili wa utafiti, Alan Tyson na H. C. Robbins Landon, walikuwa wanaangalia ile chapa ya kwanza ya Bailleux. Siku zile noti zilichongwa kwenye bamba la chuma laini, bamba likapakwa wino, karatasi ikakandamizwa. Kufuta jina, fundi anagonga bamba na kulisawazisha, lakini chuma hakisahau vizuri. Kwenye ukurasa wa violoni ya kwanza, juu ya kwatuori mbili za kwanza, palikuwa bado na kivuli cha herufi: Signor Hofstetter.

Romanus Hofstetter alizaliwa 1742, alikuwa padiri mtawa wa Mtakatifu Benedikto kwenye abbaye ya Amorbach, Ujerumani. Alikuwa anaandika muziki kiisha sala na kazi. Hakuwa mwongo. Kwenye barua moja alikiri kwamba alipenda muziki wa Haydn mpaka hakuweza kujizuia kuuiga mara kwa mara. Aliandika kwa namna ya yule aliyempenda, karatasi zikafika Paris, na mchuuzi akaona hesabu yake: Hofstetter hauzishi, Haydn anauzisha. Abbaye yenyewe ilifungwa na serikali mwaka 1803, mtawa akafa 1815. Alikufa Haydn akiwa na Sérénade yake.

Chapa ile inataja jina kwa kwatuori mbili, si kwa zote sita, kwa hiyo kuna wenye kubaki na shaka. Lakini leo wengi wa wataalamu wanamrudishia zote, na Sérénade ndani.

Kuna kitu kimoja kinachotukera katika hadithi hii, na ni watu wa baadaye kuliko Bailleux. Miaka na miaka wapenzi wa muziki walisifu opus 3: ujana wa Haydn, utamu wa Haydn. Kivuli cha Hofstetter kilipoonekana, makundi mengi ya kwatuori yaliacha kuzipiga, vitabu vikaanza kusema kwamba, kweli, ukiangalia vizuri, kazi ni dhaifu. Noti hazikubadilika hata moja. Mchimbaji wa Numbi anajua mambo hiyo: mawe yale yale, teneur ile ile, lakini bei inategemea karatasi imeandikwa mlima gani. Wamama twangeuses wa Kamituga wanatwanga jiwe lile lile kutoka asubuhi, na jina lao haliandikwi kwenye cahier yoyote.

Mwenye kutaka kusikia kwa masikio yake, haina gharama kubwa. Vijana wenye kujaza nyimbo kwenye carte mémoire, Kadutu ao Nyawera, wataitafuta kwenye intaneti. Mwambieni: Haydn, Sérénade, opus 3 numéro 5. Mkianza na Hofstetter, mutakaa mingi mbele yake. Ikitoka, fuateni violonsele kwanza, ile basse, sikilizeni vile inavutwa kwa kidole bila kuharakisha, kiisha ndipo mupande kwa violoni ya kwanza. Halafu muombe na Haydn opus 1 numéro 1, karibu robo saa, ile ya padiri, ya gérant, ya Albrechtsberger na ya kijana aliyekuwa anakaa chini ya paa. Etiketi ya ile iko sawa.